Supu Ambayo Sikuigusa

Kwanza iondoeni hiyo bikarbonati. Wewe unayesoma, najua unayo jikoni, kwenye kikopo karibu na chumvi, na unaitia kwenye majani ili yalainike upesi na yabaki na ule ukijani wa kung'aa. Yatalainika, sikatai, na yatapendeza macho, lakini nguvu yake utakuwa umeimaliza wewe mwenyewe kwa mkono wako. Mimi nimepika supu ya mboga katika jiko la hospitali moja ya hapa Lubumbashi mpaka nywele zangu zimekuwa nyeupe, na vita yangu na bikarbonati ilianza siku ya kwanza na haijaisha mpaka leo.

Mmeniomba niandike, ninyi vijana mnaofanya kazi sasa katika jiko lile. Haya. Nitaandika kwa Kiswahili cha katekisimu, kile masista walichotufundisha shuleni, maana kalamu yangu haikuzoea kingine, lakini watu nitawaacha waseme vile tunavyosema hapa kwetu. Na msitegemee niende kwa mpangilio. Sijawahi kupika kwa mpangilio wa karatasi, sitaanza kuandika hivyo uzeeni.

Siku hizi kila mtu anataka supu ya immunité, ya kuupa mwili kinga. Juzi mama mmoja wa Karavia, mtaa wa wenye pesa, alituma gari linichukue niende kumfundisha. Nikakuta jiko linang'aa, mashine ya kusagia imekaa katikati kama mwenyekiti wa mkutano, na juu ya meza rundo la tangawizi, vitunguu saumu, malimau, na unga wa manjano. Akaniuliza, "Mama, tutie yote?" Nikamwambia, tukitia yote, atakayekunywa atapona kwa woga. Kisha nikamuuliza mboga ziko wapi. Akaangalia meza, akaangalia friji. Tulikwenda sokoni pamoja, na tukacheka njia nzima.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, sitaki kumdharau mtu. Ila sikieni hili: supu si dawa. Mzee aliyenifundisha kazi, Papa Donatien, alikuwa akisema, "Dawa iko askari. Supu iko bukari ya askari. Askari mwenye njaa atakimbia." Bukari ndiyo ugali wetu. Mtu akiwa na homa, mpelekeni hospitali. Supu itamsubiri pale atakapoanza kupata nafuu, nayo itaupa mwili kitu cha kusimamia.

Papa Donatien alikuwa mtu wa maneno machache na harufu ya moshi. Wakati ule tulipikia kwenye jiko la makaa ya mawe lililonifika kifuani, na sufuria yetu kubwa ungeweza kumwogeshea mtoto ndani yake. Baadaye ukaja umeme, tukashangilia, kisha umeme ukaanza kukatika chakula kikiwa nusu, tukarudi kwenye makala, yaani mkaa, na mbabula, lile jiko la bati ambalo kila nyumba ya mji huu inalijua. Lakini alichonifundisha yule mzee hakikuhusu moto. Alinifundisha kuangalia sahani zinazorudi. Wengine wakimaliza kugawa chakula wanakaa, wanavua viatu. Yeye alisimama mlangoni, akatazama kila sahani inayoteremka kutoka wadini. Ikirudi tupu, hakusema kitu. Ikirudi na majani pembeni, alijua tumeyakata vibaya. Ikirudi imejaa, alipanda mwenyewe kumwona mgonjwa.

Na hapo ndipo penye hadithi yangu.

Ulikuwa msimu wa mvua, wakati majani ya maboga ni mengi mpaka watu wanagawiana bure. Papa Donatien alikuwa amekwisha kustaafu, na jiko lilikuwa mikononi mwangu. Supu yangu wakati ule ilisifiwa, nasema ukweli, hata wauguzi walikuwa wanaiiba. Sasa, kutoka wadi ya wanaume, sahani ya kitanda cha karibu na dirisha ikaanza kurudi imejaa. Si nusu. Imejaa, hata kijiko hakijalowa. Asubuhi kikombe cha chai kinarudi tupu, mchana supu inarudi nzima. Mara ya kwanza nikasema ni tumbo. Iliporudi tena na tena, nikasema huyu ananitukana. Nikachukua upawa wangu nikapanda.

Nilifika mlangoni nikauliza kwa sauti ya kusikika, "Nani hapa anachezea supu yangu?"

Mwanaume wa kitanda cha dirishani alikuwa amegeukia ukuta. Akageuka. Alikuwa Ilunga, mume wa binti yangu Chanda.

Hapa baadhi yenu mtacheka, lakini ngojeni niwaeleze. Kwetu, sisi tuliotoka upande wa Sakania, mwanaume akioa, hali chakula cha mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, akimwona njiani anapita upande mwingine. Inakuwa hivyo mpaka siku familia ya mke itakapomwingiza: wanawake wanapika vyungu vingi, wanamfunulia kimoja kimoja, anaonja, na tangu hapo anakuwa mtoto wa nyumba. Ilunga ni Muluba wa kaskazini, na Waluba nao hawaichezei buko, ndiyo huo ukwe. Wakati wa posa familia zetu zilibishana juu ya kila kitu. Juu ya hilo peke yake hakuna aliyefungua mdomo.

Na Ilunga hatukuwa tumemwingiza bado. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi yake Chanda, dada ya marehemu mume wangu, aliyekuwa akiuza sabuni na mafuta kule mpakani Sakania. Kila tukimkumbusha alijibu mwezi ujao, biashara imembana.

Basi Ilunga akavuta shuka akajifunika kichwa. Mimi nikageuza mgongo hapohapo, upawa mkononi, nikaanza kutoka kinyumenyume mpaka nikagonga meza ya dawa. Wadi nzima ilicheka, hata yule aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya mshono.

Mimi sikucheka. Muuguzi alinieleza kwenye korido. Ilunga alifanya kazi kwenye treni, na homa ya tumbo ilimwangusha akiwa safarini. Wenzake walimleta moja kwa moja hospitali, na habari ilikuwa haijatufikia nyumbani. Dawa zilikuwa zimeishusha homa. Lakini mtu mwenyewe alikuwa amebaki mifupa, na alikuwa anaishi kwa chai tu. "Mama Chanda," muuguzi akaniambia, "dawa ilifanya kazi yake. Asipokula, mwili hautakuwa na nguvu ya kujisimamia. Mutamukulisha namna gani huyu, sijue."

Mtasema, si mke wake ampikie? Chanda alikuwa kwangu. Alikuwa amezaa mtoto wake wa kwanza, na mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa mama. Kila alichopika wakati ule kilitoka kwenye moto wangu. Mama yake Ilunga alikuwa mbali sana kaskazini. Wenzake wa treni walimletea mikate na mandazi ya mafuta, vitu ambavyo tumbo lililochubuka haliwezi kuvipokea. Sufuria ya hospitali ilikuwa yangu, na sufuria ya nyumbani ilikuwa yangu. Nilikaa nyuma ya jiko juu ya gunia la makala nikalia. Maisha yangu yote nililisha watoto wa watu, na sasa mtoto wangu atakuwa mjane kwa sababu ya chungu changu.

Chanda alipopata habari alimfunga mtoto mgongoni akaja. Mimi nilibaki nje ya mlango, nisionekane, lakini nilisikia kila neno.

"Ilunga, kula," akamwambia. "Haka katoto hakana baba mwingine. Hata jina haukukapatia bado."

Ilunga akajibu polepole, sauti haina nguvu. "Mi sikatale chakula, Chanda. Minakatala kuvunja heshima ya mama yako. Nikikula leo sawa mwizi, kesho nitaingia mu nyumba yake na uso gani?"

Nilisikia hasira, na ndani ya hasira hiyo nikaanza kumpenda yule kijana. Mpaka siku ile alikuwa kwangu mgongo wa shati unaopita njiani. Nilituma neno Sakania kwa mtu wa treni: shangazi aje, aache sabuni zake. Jibu likaja kwamba mizigo yake imeshikwa mpakani, atakuja ikitoka. Na Ilunga hakuwa na muda wa kusubiri mizigo.

Aliyetutoa kwenye shimo ni Mama Zaina. Huyu alikuwa mwenzangu jikoni, mpishi wa chai na wa wali wa wafanyakazi, Mwislamu, watu wake walitoka Maniema na kabla ya hapo, yeye alisema, pwani. Tulikuwa tunataniana tangu asubuhi mpaka jioni. Alinikuta pale kwenye gunia, akanitazama, akafuta mikono yake.

"Buko iko ju ya mukono na nyungu," akasema. "Mi siko muko wake, siko mukwe. Weye leta akili, mi nitaleta mukono."

"Weye?" nikamwambia. "Weye unapikaka lengalenga mpaka inasahau jina yake." Lengalenga ndiyo mchicha wetu.

"Basi endelea kulia," akasema, na kuanza kuondoka. Nilimkimbilia.

Kesho yake alikuja na sufuria kutoka kwake, mbabula yake, makala yake, hata chumvi yake ameikunja kwenye karatasi. Mboga alizinunua mwenyewe. Tulitoka nje, nyuma ya jiko, na mimi nikakaa juu ya kreti, mikono yangu nimeificha makwapani, kwa sababu mkono wangu ukigusa kitu chochote pale, kazi imeharibika. Katika maisha yangu yote sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa juu ya ile kreti.

Sasa chukueni maneno haya, ndiyo supu yenyewe mliyoniomba. Majani huoshwa yakiwa mazima, halafu ndipo yanakatwa. Mama Zaina aliyakata kwanza, akaanza kuyaosha, na maji yakawa kijani. Nikamwambia, "Hiyo unayotupa njo supu yenyewe." Akaanza upya kwa majani mengine. Karoti haimenywi, inasuguliwa kwa brashi. Majani ya boga hutolewa zile nyuzi za mgongoni, moja moja, na mwenye haraka akapike kitu kingine. Vitunguu vinaanza peke yavyo kwenye mafuta kidogo ya ngazi, yaani mawese, moto wa polepole, mpaka vilainike bila kubadilika rangi. Msiogope mafuta hayo kidogo, karoti bila mafuta inapita tu tumboni kama mgeni asiyekaa. Halafu karoti, boga, na kiazi kitamu kimoja cha kuifanya iwe nzito. Halafu nyanya. Maji ni ya kufunika mboga tu, yasizidi, kwa sababu maji hayo yote yatanywewa.

"Ongeza mayi?" Mama Zaina akauliza.

"Unapika supu ao unafua nguo?"

"Mama Chanda, mi niko na kijiko ya moto ku mukono."

Nikabana mikono makwapani. Tangawizi kipande kidogo na kitunguu saumu kilichopondwa vinaingia katikati ya safari. Mkivitia mwanzo, harufu inakwisha. Mkivitia mwisho, vinakwaruza koo la mgonjwa. Kisha moto unapunguzwa kwa kuyafunika makala kwa jivu, na supu inaachwa itulie mpaka kiazi kivunjike chenyewe. Lengalenga na majani ya boga ni ya mwisho kabisa. Yanaingia, yanapinduliwa, kifuniko, sufuria inatoka motoni. Mvuke unayamalizia. Limau linakamuliwa sufuria ikiwa chini, si juu ya moto. Na chumvi, baada ya yote hayo, kidogo.

Ilipofika saa ya majani, Mama Zaina akatoa mfukoni kikaratasi cheupe. Nilikijua kabla hajakifungua: bikarbonati. Mwili wangu wote uliinuka kwenye kreti, mkono ukatoka kwapani, nikaukamata kwa mkono mwingine.

"Zaina. Weka ile kintu chini."

"Majani itakuwa ngumu, mama. Huyu muntu haiko na meno ya kutafuna leo."

"Kata ndogondogo, haitakuwa ngumu."

Alinitazama, akaona machozi, akakirudisha kikaratasi mfukoni. Akayakata majani membamba kama uzi, kwa subira ambayo sikujua kama anayo. Sufuria ilipotoka motoni akaonja.

"Iko namna gani?" nikauliza, maana mimi hata kuonja sikuruhusiwa.

"Muzuri."

"Muzuri namna gani?"

"Muzuri sawa supu," akasema. Ilibidi nijiridhishe na harufu. Harufu ilikuwa yenyewe.

Tukapanda wote, Mama Zaina mbele na bakuli, Chanda na mtoto, mimi nyuma. Nilisimama nje ya mlango, bega ukutani. Nilikuwa nimewakataza kumdanganya. Kama hataki, hataki, lakini asije akasikia baadaye kwamba tulimchezea.

Ilunga alilitazama bakuli. Kwa kuwa mimi nipo karibu na yeye anajua nipo, hakusema na mtu mzima yeyote. Alisema na mtoto, ndivyo watu wa buko wanavyofanya, wanatafuta kitu cha katikati. "We mutoto," akamwambia yule mchanga aliyekuwa amelala fofofo, "uulize hawa bamama: hii chakula iko ya nani?"

"Iko yangu," Mama Zaina akajibu. "Nyungu yangu, moto yangu, chumvi yangu, mukono yangu."

"Na akili?"

"Akili haiko mu nyungu, baba. Angalia."

Nilisikia mvua inaanza juu ya bati. Halafu nikasikia kijiko kimegusa bakuli, kidogo, halafu tena. Sikusali siku ile, niliogopa hata Mungu akinijibu atamshtua. Nilihesabu tu kijiko kwa masikio, mpaka nikasikia kinakwangua chini.

"We mutoto," sauti ya Ilunga ikasema, na ilikuwa na joto kidogo, "uambie ile nkambo yako yenye kusimama ku mulango: minashukuru. Uambie tena, kesho limau ipunguke."

Limau lipunguke. Mgonjwa mwenye mifupa mitupu anakosoa. Nilifurahi nikataka kucheza. Nami nikajibu kutoka nje, kwa mtoto yuleyule, "Mutoto, uambie baba yako akule kwanza mpaka anenepe, maneno ya limau tutasemezana nyuma."

Tuliendelea hivyo kwa muda, Mama Zaina kwenye sufuria, mimi kwenye kreti, na yule mtoto akipeleka salamu ambazo hakuzisikia. Kwanza Ilunga akakaa kitandani bila kushikwa. Kisha akatembea mpaka dirishani. Mama Zaina naye akawa mpishi wa mboga kweli, mpaka akaanza kunisahihisha mimi, na sikuweza kumfanya kitu. Leo hayupo tena duniani. Nikipita soko la mboga nikaona majani ya boga yamefungwa mafungu, namkumbuka mpaka moyo unauma, na ninakosa mtu wa kumtukana.

Shangazi alifika kutoka Sakania, wakati Ilunga amekwisha kutoka hospitali. Alishuka na masanduku yake ya sabuni, akatugombeza wote kana kwamba sisi ndio tuliochelewa, na hapohapo akaamuru moto uwashwe. Tulipika siku nzima. Jioni Ilunga aliketi sebuleni kwangu juu ya mkeka mpya, ameinamisha kichwa, na shangazi akamfunulia vyungu kimoja kimoja na kumwambia kila kilichomo: kuku, samaki, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, bukari. Ilunga akaonja kila kimoja. Kisha shangazi akanikamata mkono, akanikalisha mbele ya Ilunga, akasema, "Basi. Sasa musemezane," akatoka nje kwenda kuvuta hewa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengi, ya siku zote zile za kusimama nyuma ya mlango. Yeye pia, naona, alikuwa nayo. Akainua uso. Ndipo nilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza: macho yake makubwa, ana kovu dogo juu ya nyusi, na mashavu yameanza kurudi.

"Mama," akasema. Hakuweza kuendelea.

Na mimi, mwenye mdomo wote huu mnaoujua, sikupata neno lolote kati ya yale niliyoyaandaa. Nilichukua kijiko, nikachota kwenye chungu changu kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Inapoa."